Tupeane uzoefu: istilahi za tamthiliya zilikuingiaje kichwani?

Mwanafunzi wa Jioni

Wanajamvi, salaam. Nimerudi darasani nikiwa na umri wa kuitwa baba, na katika fasihi tunasoma *Juliasi Kaizari*, ile tamthiliya ya Shakespeare ya mwaka 1599 aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Kisa chenyewe hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni karatasi ya istilahi arobaini na ushei, kila moja na maana ya mstari mmoja, ambayo niliikariri kwenye daladala kwa wiki mbili na bado nikaanguka jaribio.

Nianze kwa kuungama. Neno "tanzia" nililijua kabla ya kusoma fasihi, kwa kuwa ndilo linalotangulia kila tangazo la msiba katika kundi letu la WhatsApp. Nilipoulizwa kwa nini mchezo huu ni tanzia, nilijibu kwamba ni kwa sababu Caesar, yaani Kaizari mwenyewe, mtawala wa Roma, anauawa. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Anauawa sehemu ya tatu. Sehemu mbili zilizobaki ni za nani?" Nilirudi kitabuni nikaona kwamba anayeporomoka hatua kwa hatua hadi mwisho ni Brutus, mmoja wa wauaji, mtu mwema aliyedhani nia safi inatosha kuhalalisha damu, kisha akamruhusu Antony, rafiki wa Caesar, ahutubie mazishini ingawa Cassius, mla njama mwenzake, alimwonya. Tangu siku hiyo sihesabu tena maiti. Natafuta ni nani anayeangushwa na kosa lake mwenyewe. Je, wenzangu, ninyi istilahi hizi mlizipataje?

Chaki Mkononi

Ndugu yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilifundisha kwa orodha kama hiyo yako. Nilibadilika kwa ajili ya kinaya, neno ambalo wanafunzi walilikariri vizuri na kulitumia vibaya, wakiliandika popote palipo na jambo la kushangaza.

Mwaka mmoja nilisoma nao barua ya Artemidorus ya kumwonya Caesar, ambamo wala njama wametajwa mmoja mmoja kwa majina. Kesho yake nikaitia katika bahasha, nikampa kijana mmoja, na kiranja wa bweni, aliyependa ukubwa, nikamfanya Caesar. Kijana akamsihi aisome barua hiyo kwanza kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe. Kiranja, kama mchezo unavyotaka, akajibu kwamba yanayomhusu yeye mwenyewe ndiyo yatakayosubiri, akaipungia mkono bahasha na kupita. Binti wa dawati la nyuma akapiga kelele, "Si uisome, jamani!" Darasa zima likacheka, nami nikageukia ubao nikaandika: kinaya cha kidrama. Sisi tunajua kilichomo ndani ya bahasha, naye hajui, na kiburi chake ndicho kinachomziba masikio.

Mwanafunzi mwingine akauliza kama hiyo siyo taharuki tuliyoisoma wiki iliyotangulia. Swali zuri sana, ambalo orodha isingelizaa kamwe. Tulikubaliana kwamba taharuki hutokana na kutojua litakalotokea, ilhali kinaya cha kidrama hutokana na kujua zaidi ya mhusika, na kwamba onyesho moja laweza kubeba yote mawili kwa mtazamaji anayejua yaliyomo baruani lakini bado anatumaini itasomwa.

Hotuba ya Antony niliwafundisha kwa sauti tu. Kila anapowaita wauaji watu wa heshima, msomaji mmoja alitakiwa kulisema neno "heshima" kwa namna tofauti kidogo, hadi mara ya mwisho likatoka kama tusi. Hapo takriri, yaani kurudiarudia neno, na kejeli zilieleweka kwa pamoja, nami sikuhitaji kutoa maana ya hata moja.

Pazia Jekundu

Shikamoo, Mwalimu. Mimi niliigiza chuoni, kwa hiyo nachangia la jukwaani tu. Uzungumzi nafsi na maneno ya kando nilivichanganya mpaka nilipopewa nafasi ya Trebonius, mmoja wa wala njama. Brutus akiwa bustanini usiku anajisemea peke yake, akijishawishi kwamba Caesar hana budi kufa, nasi tunayasikia mawazo yake. Trebonius hayuko peke yake: Caesar anamwomba akae karibu naye, anaitikia, kisha anatugeukia watazamaji na kusema kwamba atakaa karibu kiasi cha kuwafanya rafiki za Caesar watamani angekuwa mbali. Mwelekezaji wetu alinisogeza hatua mbili tu, akaniambia nigeuze kidevu. Tofauti ya istilahi hizo mbili kwangu mpaka leo ni kile kidevu.

Mwalimu wa Mpakani

Mimi ni Mkenya, na nilipoanza kusahihisha kazi pamoja na mwenzangu Mtanzania tulikaribia kugombana. Pale Antony anapouliza umati kama matendo hayo ya Caesar yalionekana kuwa ya uchu wa madaraka, mimi niliandika swali la balagha, yaani swali lisilohitaji jibu, yeye akaandika tashititi. Kila mmoja alidhani mwenzake amekosea, hadi tulipofungua vitabu vyetu viwili na kuona kwamba tunazungumzia kitu kilekile. Yeye huandika "tamthiliya", mimi "tamthilia". Ushauri wangu ni kwamba mtahiniwa ashike istilahi za silabasi yake, lakini asimcheke mwenye nyingine.

Kamusi Kuukuu

Niongeze kuhusu msamiati, maana si istilahi peke yake zinazokwamisha. Nilipokisoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri nyingine ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, nilidhani bepari ni yule wa kwenye hotuba za Ujamaa. Mzee mmoja jirani yetu akanieleza kwamba zamani bepari alikuwa mfanyabiashara tu, na kwamba neno lenyewe lilifika pwani na Wahindi. Nikalazimika kukisoma upya. Hata hivyo, kwa kitabu kilichotoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, sidhani kama maana ile ya pili ilikuwa mbali na kalamu ya mfasiri.

Mwanafunzi wa Jioni

Shikamoo, Mwalimu Chaki, na asanteni nyote. Orodha nimeikunja. Sasa katika daftari naandika kwanza tukio, kisha nani anajua nini, ndipo natafuta jina lake. Jana usiku nimekwama pale wala njama wanapokutana nyumbani kwa Brutus na saa inagonga mara tatu, ilhali Roma ya Caesar haikuwa na saa za kugonga. Kukiweka kitu katika zama ambazo hakikuwapo, ninyi mnakuitaje? Mtihani ni Jumatano.