Mrejesho: Ile kazi ya ikolojia ya misitu serikalini

Wakuu, niliuliza kama niache mradi wa shirika binafsi niende serikalini kuwa mwanaikolojia wa misitu. Nilikwenda. Nipo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Mlionionya kuhusu mshahara mdogo mlisema kweli. Lakini kazi yenyewe naipenda mno. Tunapima kipenyo cha kila mti mita 1.3 toka ardhini, kisha tunapaka rangi palepale, ili atakayekuja miaka ijayo apime hapohapo. Kinachoniumiza ni Maesopsis eminii, mti mgeni kwa msitu huu uliopandwa enzi za ukoloni. Ndege aina ya hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu hadi ndani ya msitu wa asili. Kila mti mkubwa unapoanguka na kuacha uwazi, miche ya Maesopsis imeshatangulia kuota hapo.

Aliyenishauri niombe kituo chenye msitu wa asili, asante sana.