Skani za samaki wa kale wa Tugen: niweke wazi zote ama nisubiri?

NyotaMiamba
Wadau habari zenu. Niko Nairobi namalizia masta, kazi yangu ni visukuku vya samaki wadogo wa Milima ya Tugen kule Baringo, wale wa mawe ya Ngorora, jamii ya tilapia walioishi kwenye ziwa lililokauka mamilioni ya miaka iliyopita. Samaki 11 walipigwa skani ya eksirei nje ya nchi na mawe yenyewe yalisharudi makumbusho. Kila samaki ni picha kama 2000 za pikseli 2000 kwa 2000, bit 16, hiyo ni GB 16 mmoja, jumla GB 176, na zote ziko kwa diski moja hapa nyumbani Umoja pamoja na daftari langu la matabaka ya miamba. Mimi nataka kuziachilia ili mwanafunzi wa Eldoret ama Kisumu afungue bila kubembeleza mtu. Msimamizi wangu anasema ningoje makala itoke kwanza, mwenzangu anasema nizigeuze JPEG ndio zisimalize bando. Na GPS za pale tulichimba niweke pia? Nisaidieni jameni, hiyo diski ikianguka miaka miwili imeenda.

fundi_skani
Dada, kabla ya yote nunua diski ya pili leo, nakili, na isilale nyumba moja na ya kwanza. Hayo mengine yatangoja hadi kesho.

JPEG hapana kabisa. Unakumbuka Tugenchromis pickfordi, yule samaki wa Tugen aliyepewa jina 2017? Vitu vilivyomfanya ahusishwe na samaki wa Ziwa Tanganyika ni vidogo mno, mstari wa hisia ubavuni uliogawanyika mara tatu na vitundu kwenye mfupa ulio mbele ya jicho. Vitundu kama hivyo kwenye skani ni tofauti ndogo tu ya kijivu na kijivu, sasa ukibana picha unafuta kile hasa mtu atakuja kutafuta. Weka TIFF zako za bit 16 vile zilivyotoka, halafu pembeni weka modeli nyepesi ya MB chache kwa mwenye simu.

Na tafadhali usitupe ile faili ndogo ya maandishi ambayo mashine inatoa pamoja na picha. Mimi nilishatumiwa skani ya samaki na maabara fulani, picha safi ajabu, nikafungua kwa programu ya 3D Slicer nikaanza kupima kichwa, kumbe hakuna mahali imeandikwa pikseli moja ni maikromita ngapi. Huyo samaki angeweza kuwa wa sentimita 4 ama 40, sikuwa na njia ya kujua. Nikaandika barua pepe, aliyeskani alishaondoka na kompyuta ilishafutwa. Wiki tatu za kazi zikaenda hivyo, na samaki yule hadi leo hana urefu.

mtu_wa_matabaka
Mimi ni wa miamba na naomba usiliache hilo daftari nyuma, kwa sababu naona watu wanaweka samaki peke yake wanafikiri wamemaliza. Ngorora inabeba kama miaka milioni 13 hadi 8.5 iliyopita, sasa samaki bila tabaka lake anaweza kuwa popote humo ndani. Na usidhani GPS itakusaidia hapo, Tugen ni pande la ardhi lililokatwa na nyufa likainamia magharibi, tabaka moja utalikuta juu ya kilima na ulikute tena chini bondeni, kwa hivyo mwinuko hausemi umri. Kinachosema umri ni majivu ya volkano, ndiyo yanapimwa kwa argoni, gesi inayojikusanya ndani yake kadiri miaka inavyopita. Andika samaki namba 3 alitoka sentimita ngapi juu ya jivu gani, rangi ya jiwe, unene wa tabaka, piga picha kila ukurasa wa daftari hata kama mwandiko ni mbaya na una matope.

GPS kamili peana makumbusho. Hadharani weka ya kukadiria kilomita kadhaa, mtu akiona alama kamili anaenda na sururu.

MamaMaktaba
Mwanangu, anza na makumbusho. Kwa sheria ya 2006 visukuku ni mali ya serikali, omba barua ya kuruhusu skani zitolewe na kila faili iandikwe namba ya KNM, yaani ya makumbusho, ya jiwe lake. Halafu Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni, inakubali GB 50 kwa rekodi moja, samaki mmoja rekodi moja utatosha vizuri, ama MorphoSource ambayo imetengenezwa kwa skani za viumbe.

Kuhusu msimamizi wako hamna haja ya kugombana. Pakia sasa, upate DOI (namba ya kudumu ya kuitaja data yako), funga faili hadi tarehe mtakayokubaliana, ikifika zinafunguka zenyewe, leseni CC BY ndio atakayetumia akutaje. Lakini tarehe iandikwe, usikubali "tutaona". Kumbuka nyangumi wa Loperot, Turkana. Alipatikana 1964, akapelekwa Marekani, akapotea zaidi ya miaka 30 hadi 2011 alipopatikana Harvard. Ni 2015 ndio mfupa huo mmoja ukatusaidia kujua ardhi yetu ilianza kuinuka lini, maana nyangumi wa miaka milioni 17 alikuwa kilomita 740 kutoka pwani, mahali ambapo leo ni mita 620 juu ya bahari, na angefika huko tu kama ardhi ilikuwa bado chini. Muda wote huo swali lilikuwepo na jibu liko kwa kabati.

NyotaMiamba
Asanteni sana, na shikamoo mama. Diski ya pili nimenunua Luthuli, iko kwa dadangu Rongai. Nimepitia skani zote usiku, 9 ziko na ile faili ya mashine, namba 4 na namba 7 hazina, nimeshaandikia maabara kabla nao hawajafuta. Msimamizi amekubali miezi 12 kwa maandishi. Daftari naanza kulipiga picha kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri.