Tupeane uzoefu: umewahi kubishana kuhusu asili ya viumbe ukaishiwa maneno?

Wakuu, salaam. Naanza mimi, maana kidonda ni changu.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikuwa barazani hapa Lindi mjini, kahawa na kashata zinazunguka. Mmoja akaleta habari za mijusi ya Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huku kwetu Lindi, kwamba ina miaka milioni 150 na Wajerumani waturudishie. Shemeji yangu, mwalimu wa madrasa, mtu mpole asiyepandisha sauti, akauliza: "Hiyo miaka milioni 150, nani alikuwepo akaihesabu?"

Hapo nilikuwa uwanja wa nyumbani. Nikaeleza kwamba Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wa wachimbaji, na mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandari hii hii. Nikaeleza kwamba mifupa ipo kwenye tabaka tatu, na katikati ya tabaka hizo kuna nyingine zimejaa makombe na konokono wa baharini. Bahari iliingia, ikatoka, ikaingia tena. Viumbe wale wa baharini wanalinganishwa na wa miamba ya kwingine ambayo umri wake umepimwa. Shemeji akatikisa kichwa taratibu: "Hilo nimekuelewa."

Ningenyamaza hapo! Akauliza: "Na uhai wenyewe ulianzaje?" Nami kwa sauti ile ile ya kujiamini: "Hilo limeshathibitishwa. Mwanasayansi Miller alitengeneza ndani ya maabara huko Chicago, mwaka 1953."

Akaweka kikombe chini. "Alitengeneza uhai?"

"Hapana, alipata amino asidi."

"Ndiyo nini?"

"Kama matofali. Protini zinajengwa kwa hizo."

"Kwa hiyo alipata matofali."

"Ndiyo."

"Nyumba je?"

Baraza zima likaangua kicheko, hadi muuza kahawa. Mpaka leo wananiita Fundi Matofali. Na kinachouma ni kwamba shemeji alikuwa sahihi. Miller alipitisha cheche za umeme kwenye mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni, akapata matofali, basi. Namna uhai wa kwanza ulivyoanza hakuna aliyeijua hadi leo. Kuna njia zinazopendekezwa na kazi inaendelea. Hata Darwin mwaka 1859 alieleza jinsi viumbe wanavyobadilika hadi kutoa aina nyingine, hakudai kueleza wa kwanza alitoka wapi. Nilichukua uhakika wa mifupa ya Tendaguru nikaupaka kwenye jambo lisilo na uhakika huo. Haya, leteni yenu.

Nesi Mstaafu, Masasi

Pole Fundi. Mimi nilibishana na marehemu baba yangu. Alikuwa hataki kusikia neno mageuzi ya viumbe, anasema ni kufuru. Lakini mzee huyo huyo, siku tulipoacha kutoa klorokwini ya malaria mwaka 2001, alisema mwenyewe: "Afadhali, vile vijidudu vilishaizoea." Wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini, unameza jioni, usiku kucha unajikuna kama umelalia upupu. Ikaja dawa nyingine, SP, nayo haikudumu, mwaka 2006 tukaingia dawa mseto.

Nikamwambia baba, havikuzoea kama mtu anavyozoea pilipili. Miongoni mwa mamilioni vilikuwepo vichache ambavyo dawa haiviwezi. Vingine vikafa, hivyo vikabaki na kuzaliana, mwisho mtaa mzima ukawa wao. Akafikiri. "Hayo ndiyo mageuzi?" Nikasema ndiyo hayo. "Basi hayo nakubali. Ya nyani sikubali." Tukaishia hapo, na hatukununiana.

Chaki Nyeupe, Newala

Kwetu shuleni kasheshe ni ratiba. Kipindi cha tatu historia, nafundisha fuvu la Zinjanthropus la Olduvai, 1959, miaka milioni 1.75. Kipindi cha nne dini, Adam na Hawa. Watoto wale wale, madaftari mawili. Wanajibu mtihani kote kote na wanafaulu kote kote, sijui vichwani mwao wanapanga vipi.

Mwaka fulani binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama tumetoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo na wanamaliza mahindi ya mama?" Nikamwambia hatukutoka kwa hao nyani. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, kuzaliwa kwako hakukumfuta binamu. Hata huyo Zinjanthropus wanaomwita babu yetu si babu, ni tawi la pembeni lililokatika. Akakaa. Halafu kutoka nyuma sauti ya kiume: "Basi nyani ni watani zetu, ndiyo maana wanachukua bila kuomba." Kipindi kikafia hapo.

Jahazi la Kilwa

Mimi nilikuwa upande wa pili. Silikanti alipovuliwa huku kwetu Kilwa mwaka 2003 nilitamba sana. Nikawaambia wasomi: mlisema samaki huyu kapotea tangu zama za mijusi mikubwa, leo kaingia wavuni, mengine mliyosema yatakuwa na ukweli gani? Bwana samaki mmoja akanijibu bila hasira. Akasema walikosea kweli, na kosa lilijulikana tangu 1938 alipopatikana wa kwanza Afrika Kusini, wakalitangaza wenyewe. Halafu akaniambia silikanti wa leo si aina ile ile ya kwenye mawe, ni ukoo mmoja tu. Hilo nilikuwa silijui. Nikabadilisha mada tukaongelea bei ya pweza.

Mjukuu wa Mmwera

Mnasahau walioibeba hiyo mifupa. Kwetu husimuliwa kwamba babu wa babu alikuwa mpagazi, kipande kimefungwa kwa mianzi, safari ya siku kadhaa hadi pwani. Mkono wa mnyama mmoja haubebwi na mtu mmoja.

Kuhusu uhakika: mjusi yule mkubwa wa Tendaguru alisimamishwa Berlin mwaka 1937, mkia unaburuta chini. Mwaka 2007 wamemsimamisha upya, zaidi ya mita 13 kwenda juu, mkia uko hewani. Hata jina, aliitwa Brachiosaurus, sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Mjomba wangu anasema, unaona, hawana msimamo. Mimi namuuliza, mifupa imebadilika? Na mwaka huo huo wa 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya yule Boheti. Hilo mjomba alilipenda, mabishano yakaishia kwenye kujisifu.

Fundi Matofali (mwenye uzi)

Jahazi, nimecheka pweza. Mjukuu wa Mmwera, mimi miaka yote nipo Lindi nabishana kuhusu Tendaguru na sijawahi kukanyaga. Shemeji naye kasema akienda atataka ayaone hayo makombe kwa macho yake. Kuna aliyefika karibuni? Pikipiki inapita au tungoje kiangazi?