Baiskeli ya kwanza ya barabarani: pesa iende kwenye magurudumu au kwenye gia?

MpandaMlima

Wakuu habari. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nachagua kati ya baiskeli mbili, zote zimetumika na bei ni ileile. Fremu zote ni alumini saizi 54, uma wa mbele wa kaboni, breki za kubana ringi. Zinapoachana ni hapa:

A: gia za Shimano Claris R2000, sahani za mbele meno 50 na 34, kaseti (rundo la gia za nyuma) ya gia 8 yenye meno 11 hadi 32. Magurudumu yamebadilishwa, jozi ina kilo 1.65 bila tairi, spoki 20 mbele na 24 nyuma.

B: gia za Shimano 105 R7000, mbele 50 na 34 vilevile, kaseti ya gia 11 yenye meno 11 hadi 28. Magurudumu ni yaleyale iliyotoka nayo kiwandani, jozi kilo 2.1, spoki 32 kila moja, tairi ngumu za waya (zenye waya ukingoni) za mm 25.

Nina kilo 78, na baiskeli yoyote kati ya hizo ina kama kilo 10. Njia yangu ina mlima wa km 4, mwinuko wa wastani asilimia 7, kisha tambarare ndefu. Nikishanunua, kitakachobaki kinatosha kitu kidogo tu, si kubadilisha mfumo mzima. Wengi wananiambia magurudumu mepesi ndiyo kila kitu. Ni kweli?

GiaNdogo

Mkuu, tuanze na hesabu ya huo mlima. Wewe na baiskeli ni kilo 88. Magurudumu ya A yanakupunguzia gramu 450, ambayo ni nusu asilimia ya mzigo wote. Km 4 kwa mwendo wa km 10 kwa saa ni dakika 24, na nusu asilimia ya dakika 24 haifiki sekunde 8. Utaambiwa uzito wa ringi unahesabika mara mbili kwa kuwa unazunguka. Hilo lina ukweli pale unapoongeza kasi, kwa mfano unapoondoka ukiwa umesimama. Mlimani kasi haipandi wala kushuka sana, kwa hiyo gramu ya ringi haina tofauti na gramu ya maji kwenye chupa.

Sasa hesabu meno. Tairi la mm 25 likizunguka mara moja linasogea karibu mita 2.1. Kwa km 10 kwa saa, 34 mbele na 28 nyuma zinataka uzungushe pedali mara 65 kwa dakika. 34 na 32 zinataka mara 75 hivi. Hiyo tofauti ya mizunguko 10 magoti yanaisikia, hasa mwinuko ukiruka kutoka 7 kwenda 10 mahali fulani, mwendo ukashuka, na huna gia nyingine ya kukimbilia. Kwa mlima huo, basi, kaseti ya Claris ni bora kuliko ile ya 105, na jina lililoandikwa kwenye shifta (kishikio cha kubadilishia gia) halibadilishi hilo.

Tambarare mambo yanageuka. Kaseti ya gia 8 ya 11-32 kwa kawaida inakwenda 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Ukiwa 50 na 18 kwa mizunguko 90, unatembea karibu km 32 kwa saa. Upepo ukikusukuma kidogo ukaingia 15, miguu inaporomoka hadi mizunguko 75. Ukirudi 18 unaona unazungusha kupita kiasi. Kwenye 11-32 ya 105 kuna 16 hapo katikati: kutoka 18 unashuka hadi mizunguko 80 tu, na ukitaka zaidi kuna 14. Ukikaa saa mbili kwenye tambarare utaelewa kwa nini watu wanalipia gia 11.

Mimi ningechukua B na kubadilisha kaseti iwe hiyo 11-32. Magurudumu unayabadilisha siku yoyote kwa dakika 10. Kutoka gia 8 kwenda 11 ni shifta zote mbili, direla zote mbili (vihamisha cheni vya mbele na nyuma), kaseti, cheni, waya, mara nyingi na kranki (mikono ya pedali). Kinachouma kubadilisha ndicho ununue kikiwa tayari kimefungwa.

FundiSpoki

Nakubaliana na hesabu ya GiaNdogo, ila gurudumu lisipimwe kwa mzani peke yake. Gurudumu bovu halikucheleweshi sekunde 8, linakuacha barabarani. Na kilo 2.1 si lazima iwe aibu. Spoki 32 ni nyingi, na moja ikikatika, ringi inapinda kidogo tu na unafika. Kwenye gurudumu la spoki 24, moja ikikatika ringi inaweza kupinda hadi ikakwama kwenye breki.

Spoki hukatika zaidi nyuma, na mara nyingi kwenye kisigino, pale inapopinda kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Watu hudhani imekazwa mno. Kwa kawaida ni kinyume: imelegea. Kila spoki inapopita chini, uzito wako unaipunguzia mkazo. Ikiwa mkazo ulikuwa mdogo tangu mwanzo, inalegea kabisa kisha inakazika tena, mzunguko hadi mzunguko, na kile kisigino kinapindika na kunyooka mpaka chuma kinachoka. Gurudumu la nyuma lina tatizo lake juu ya hilo: kaseti inachukua nafasi upande wa kulia, spoki za kulia zinasimama karibu wima, na ili ringi ikae katikati, zile za kushoto zinabeba takribani nusu ya mkazo wa kulia. Ndizo zinazolegea kwanza.

Kabla ya kulipa, fanya hivi kwa baiskeli zote mbili. Inua gurudumu, lizungushe, na utazame nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Ringi ikicheza kushoto na kulia chini ya nusu milimita, sawa. Zaidi ya milimita moja, lina kazi ya kunyooshwa. Kisha shika spoki mbilimbili kwa kiganja na uzibane, ukizunguka gurudumu lote. Moja iliyolegea kuliko jirani zake wa upande uleule utaisikia mara moja. Zigonge kwa kucha pia: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Shika ringi juu na uisukume kushoto na kulia. Ikigonga "tak tak", beringi zina uwazi au koni (vipande vinavyobana gololi) zimelegea. Mwisho vua gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole viwili. Inatakiwa iteleze. Ukisikia kama inapita kwenye vishimo vidogo, njia za gololi zimeliwa, na grisi mpya haitazirudisha.

Kwa kuwa breki zinabana ringi, angalia pia ukuta wa ringi. Nyingi zina kitone au mfereji mwembamba uliochongwa pale raba inapogusa. Ukiwa umefutika, ringi imekwisha. Kama hakuna alama, weka ukingo wa rula juu ya ukuta. Mwanga ukipita katikati, ukuta umechimbika, na kilo 1.65 yake haina maana tena.

Jambo moja kwa A: kwa kuwa magurudumu yalibadilishwa, muulize muuzaji kama nyuma ya kaseti kuna pete ya mm 1.85. Kaseti ya gia 8 kwenye frihabu (sehemu ya habu inayobeba kaseti) ya gia 11 lazima iwe na pete hiyo, la sivyo inacheza. Ikiwepo, magurudumu hayo yatakubali gia 11 baadaye, na A inapanda thamani. Isipokuwepo na kaseti imekaza, frihabu ni ile fupi, isiyokubali kaseti ya kawaida ya gia 11.

Tairi28

Wakuu, mmepita juu ya kitu kilicho rahisi kuliko vyote. Zile tairi za waya kwenye B zitoke. Tairi gumu lenye mpira mnene linakula nguvu kila linapojikunja barabarani, na tofauti kati yake na tairi laini la mbio kwa mwendo wa km 30 kwa saa inaweza kufika wati 10 au zaidi kwa jozi. Hakuna magurudumu wala gia za kiwango hiki zitakazokupa kiasi hicho. Kile "kitu kidogo" ulichobakiza kipeleke hapo.

Upana kwanza upime. Breki nyingi za kubana ringi zinaishia mm 28, na uma mwingine hata hapo haufiki. Tairi likiwa limejaa upepo, acha angalau mm 4 kila upande na juu, kwa sababu jiwe dogo likinasa hapo linachubua rangi na kaboni. Upana ulioandikwa ubavuni si upana halisi: ringi yenye nafasi ya ndani ya mm 19 inalitanua tairi la 28 kuliko ya mm 15, kwa hiyo pima kwa kalipa.

Upepo kwa kilo zako, tairi la 28: anza na bari 4.8 mbele na 5.2 nyuma. Usijaze hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Hicho ni mpaka. Tairi lililojaa kupita kiasi linarukaruka kwenye lami yenye mikwaruzo, na kila mruko ni nguvu inayopotea pamoja na mshiko kwenye kona.

MpandaMlima

Nashukuru sana wakuu. Nimekagua. Ringi za B zina mfereji unaoonekana vizuri na nyuma inacheza kidogo sana. A haina pete. Kaseti imekaza, kwa hiyo frihabu ni fupi. Naelekea B. Nijuaje kama direla yake itakubali kaseti kubwa, na nikague nini kingine upande wa gia?

GiaNdogo

Soma mgongo wa direla ya nyuma. Ikiandikwa RD-R7000-SS, ina mkono mfupi na kikomo chake ni meno 30, ambayo kwa mlima wako ni mizunguko 70. Ikiwa RD-R7000-GS inakwenda hadi 34. Kwa GS chukua 11-32. Ukitaka 11-34 ya HG700 au HG800, kumbuka kwamba kwenye frihabu ya gia 11 inahitaji ile pete ya mm 1.85 aliyoitaja FundiSpoki, kwani zilitengenezwa zikae hata kwenye frihabu fupi.

Cheni ipime kwa rula ya chuma. Kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 25 ni mm 304.8 ikiwa mpya. Kwa gia 11, ikifika mm 306.3 ibadilishwe. Ikiwa imepita hapo, usifunge kaseti mpya na cheni ya zamani. Cheni iliyorefuka haikai vizuri kwenye mabonde ya meno mapya, na itayala haraka.

Simama nyuma ya baiskeli, macho usawa wa kaseti. Magurudumu mawili madogo ya direla yasimame wima chini ya gia, mstari mmoja. Yakiinama kuelekea spoki, hanga (kipande cha fremu kinachoshika direla) imepinda, mara nyingi kwa kuangushwa. Hapo hata ukigeuza skrubu siku nzima gia hazitatulia, na kwenye gia kubwa direla inaweza kuingia kwenye spoki. Inyooshwe kwa kifaa chake kwanza.

Kaseti ikishafungwa (pete yake ya kufungia hukazwa kwa Nm 40), kata cheni upya. Izungushe kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, tafuta mahali ncha zinapokutana, ongeza vipande viwili. Usitumie urefu wa cheni ya zamani. Ilikatwa kwa ajili ya 28, na siku utakapoingia 50 na 32 kwa bahati mbaya inaweza kujinyoosha hadi ing'oe direla. Mwisho weka 34 mbele na gia kubwa nyuma, geuza pedali kinyumenyume, na ukaze skrubu ya B (inayosogeza direla mbali na kaseti) mpaka gurudumu dogo la juu liache kugusa meno. Likishaachia, simama hapo. Ukizidi kulisogeza mbali, gia ndogo zitaanza kuchelewa kuingia.