Mjadala: Waigizaji wa filamu za kutisha za draivini walinyonywa, au walipewa nafasi?

Mleta mada

Naomba hili tulijadili kwa hesabu. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 Marekani ilitoa filamu chungu nzima za kutisha za bei chee kwa ajili ya draivini, zile sinema za uwanjani ambako mtazamaji anabaki ndani ya gari lake, spika imening'inizwa dirishani. Leo filamu hizo zinasafishwa, zinauzwa upya na kuonyeshwa hadi kwenye makumbusho, wakati waigizaji wake wengi walilipwa mara moja wakaondoka. Je, walinyonywa, au walipewa nafasi ambayo studio kubwa zisingewapa?

Nasema walinyonywa. Ushahidi wangu wa kwanza ni The Little Shop of Horrors ya mwongozaji Roger Corman. Baada ya mazoezi ya siku tatu, sehemu kubwa ilipigwa ndani ya siku mbili mwishoni mwa 1959, kamera mbili zikizunguka kwa pamoja ndani ya seti ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Tunaisifu sana kasi hiyo. Lakini sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kuanzia Januari 1960 mtayarishaji asingeweza tena kumalizana na mwigizaji kwa malipo ya mkupuo. Angedaiwa kila filamu inapoonyeshwa tena. Kama ndivyo, haraka ile haikuwa ya sanaa peke yake. Ilikuwa ya kuwahi tarehe.

Mkanda35

Ndugu mleta mada, umeanza na mfano mgumu kuujibu, lakini umeruka biashara yenyewe.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizilazimisha studio kubwa kuachana na majumba yao ya sinema. Studio zikapunguza filamu ndogo, na wenye kumbi wakabaki na pengo, kwa sababu watu walizoea tiketi moja filamu mbili. Kulikuwa na tatizo jingine: filamu kuu ililipwa asilimia ya mapato ya mlangoni, ila ile ya pili ililipwa ada maalumu tu, ndogo, hata uwanja ukifurika. Kampuni ya American International Pictures, iliyoanzishwa 1954 na James Nicholson na Samuel Arkoff, ikapata dawa yake: tengeneza mbili za bei ndogo, ziuze kama furushi moja, udai asilimia kwa zote mbili. Walianza kwa kuoanisha Day the World Ended na The Phantom from 10,000 Leagues. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 draivini zilikuwa kama 4,000 nchi nzima, na kila moja ilihitaji filamu mpya kila wiki.

Hapo ndipo ajira ilipotoka. Dick Miller alikuwa stelingi wa A Bucket of Blood mwaka 1959, filamu ya siku tano na bajeti ya takriban dola 50,000. Studio kubwa isingempa uso ule nafasi ya mbele. Jack Nicholson alipitia huko huko miaka kadhaa kabla mtu hajamjua. Mwigizaji aliyepigiwa kurasa kumi na tano za mswada kwa siku alijifunza kufika na maneno kichwani na kusimama kwenye alama yake bila kuangalia chini. Ukikosea hakuna pigo la pili, yaani kurudia kupiga tukio, mkanda umehesabiwa.

Fundi Projekta

Niongeze upande wa mitambo, maana watu wanawahukumu waigizaji hawa kwa kuwaangalia kwenye televisheni sebuleni.

Draivini haianzi mpaka giza liingie. Kiangazi hiyo ni saa tatu usiku, na filamu ya pili inaisha baada ya saa saba. Skrini ni kubwa mno na ipo mbali na projekta, kwa hiyo mwanga unaotua ni hafifu. Sura iliyopigwa gizani inageuka tope, na mwezi ukiwa mpevu ndiyo kabisa. Halafu kuna taa za magari yanayoingia. Sauti inatoka kwenye spika moja ndogo ya bati, ya upana wa sentimita kumi hivi: besi hakuna, minong'ono inapotea, mvua ikipiga bodi la gari ndiyo basi.

Sasa mwambie mwigizaji aigize humo. Lazima atamke kila neno mpaka mwisho, ageuze uso kwenye taa, mwili uonyeshe hofu kwa mtu aliye mita mia moja nyuma, anakula. Kile kinachoitwa leo "kutia chumvi" kilikuwa ufundi unaolingana na mahali. Vincent Price alipoigiza House of Usher mwaka 1960, iliyopigwa kwa siku kumi na tano, sauti yake ilipita kwenye vile vispika bila kupoteza silabi. Simchukulii kama mtu aliyepewa nafasi. Yeye ndiye aliyeifanya filamu iuzike.

WakiliSinema

Mkuu Mkanda35, nafasi sikatai. Ninachouliza ni asilimia ya nini.

Chukua The Texas Chain Saw Massacre, iliyopigwa Texas kiangazi cha 1973 kwa mkanda wa milimita 16. Fedha zilipopungua, kampuni ya mwongozaji Tobe Hooper na mwandishi mwenzake Kim Henkel, Vortex, iliwapa waigizaji na mafundi sehemu ya faida ya baadaye badala ya ujira kamili. Ambacho hawakuelezwa vizuri ni kwamba Vortex ilimiliki nusu tu ya filamu. Nusu nyingine ilikuwa ya mwekezaji. Kisha msambazaji, Bryanston, akachukua filamu kwa dola 225,000 pamoja na ahadi ya asilimia 35 ya faida.

Fanya hesabu ya mfano. Faida ni dola 1,000,000. Upande wa watayarishaji unapata 350,000. Nusu ya Vortex ni 175,000. Mwigizaji mwenye asilimia moja anapata 1,750. Yeye kichwani alikuwa na 10,000. Na hapo tumemchukulia msambazaji kuwa mkweli, wakati ndiye anayeandika vitabu vya hesabu na ndiye anayeamua kama faida ipo. Bryanston ilifikishwa mahakamani kwa sababu ya fedha hizo, na baadaye ikafilisika.

Kazi yenyewe? Joto lilipita nyuzi 38, siku saba kwa wiki, saa 12 hadi 16 kwa siku. Gunnar Hansen, aliyeigiza muuaji, alikuwa na shati moja lililotiwa rangi, na halikufuliwa kwa sababu rangi ingetoka na picha zisingelingana. Tukio la chakula cha jioni lilipitiliza saa 24, nyama na mifupa ikioza mezani. Kuna sehemu ambapo kisu kilitakiwa kutoa damu bandia kupitia mrija mdogo. Mrija ukaziba, wakarudia, ukaziba tena, mwisho Hansen akakikata kidole cha Marilyn Burns, stelingi wa kike, kweli. Mrija wa namna hiyo huziba sharubati inapokauka ndani yake. Dawa ni kuipunguza kwa maji, kusuuza mrija kila baada ya pigo na kuwa na wa akiba. Inahitaji dakika kumi na mtu mmoja wa kazi hiyo. Bajeti iliyobana haikuwa na hata kimoja, na gharama ikalipwa na kidole cha mwigizaji.

Mkanda35

Hilo la kidole sina la kulitetea. Ila tusizichanganye zote kwenye kapu moja. Night of the Living Dead ya 1968 ilianza na watu kumi, kila mmoja akiweka dola 600, na baadhi yao walikuwa waigizaji wa filamu hiyohiyo. Karl Hardman na Marilyn Eastman waliigiza, wakapaka watu vipodozi, wakashughulikia sauti. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu kwenye mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe chekundu hugeuka kijivu na chokoleti hubaki nzito. Duane Jones, mtu mweusi, akawa shujaa wa filamu wakati ambapo studio kubwa zilimpa mtu mweusi nafasi hiyo kwa nadra. Nani alimnyonya nani, wakati wenye kampuni walikuwa mbele ya kamera?

WakiliSinema

Msambazaji aliwanyonya wote kwa uzembe. Jina la kwanza lilikuwa Night of the Flesh Eaters, na tangazo la hakimiliki lilikuwa kwenye kadi ya jina hilo. Jina lilipobadilishwa, kadi mpya ikabandikwa bila tangazo. Sheria ya 1909 haikusamehe: ukitoa filamu hadharani bila tangazo la hakimiliki, inakuwa mali ya umma siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila mwenye mashine ya kunakili aliuza kopi zake. Umiliki wa pamoja hausaidii kama hakuna aliyekagua nakala ya mwisho fremu kwa fremu kabla haijatoka maabara.

Mleta mada

Na Little Shop iliishia huko huko, kwa kuwa Corman mwenyewe hakujali kuisajili. Kopi za video zilipoanza kuuzwa, Jack Nicholson akawekwa juu ya kasha kana kwamba ni stelingi, wakati anaonekana dakika chache tu kwenye kiti cha daktari wa meno. Jonathan Haze, aliyeibeba filamu nzima, jina lake likawa dogo. Nguvu za kudai zilitoka kwa chama cha waigizaji, Screen Actors Guild: waigizaji waligoma Machi na Aprili 1960, wakashinda malipo ya marudio kwa filamu za kuanzia mwaka huo. Za kabla ya hapo walipewa fungu moja la kuanzishia pensheni na bima ya afya. Ndiyo maana waigizaji wa filamu za sinema za miaka ya 1950 hawapokei kitu televisheni inapowaonyesha usiku.

Msomaji wa Msasani

Wakuu, draivini tulikuwa nayo Dar, Msasani, iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Nairobi nako zilikuwepo. Lakini kinachonigusa ni kwamba filamu zetu za kutisha za bei ndogo zinarudia mkataba uleule: mwigizaji analipwa kwa siku, mtayarishaji anamuuzia msambazaji filamu na haki zake zote, kisha inapandishwa mtandaoni miaka kumi baadaye na mwigizaji anaiona kama mtazamaji mwingine.

Kwa hiyo nipinge kidogo pande zote mbili. Kudai ujira mkubwa kwenye filamu ya shilingi milioni 20 ni kuiua kabla haijazaliwa. Dai vifungu vitatu. Kwanza, asilimia ihesabiwe kwenye fedha ghafi inayoingia kwa mtayarishaji. Neno "faida" lisiwepo. Pili, kiandikwe mtayarishaji anamiliki sehemu gani ya filamu siku ya kusaini. Tatu, haki iuzwe kwa muda, tuseme miaka mitano, na kila njia ya kuonyesha itajwe peke yake: ukumbi, televisheni, mtandao.

Mkanda35

Cha kwanza na cha pili nakubali. Cha tatu msambazaji atakikataa, kwa sababu kwenye filamu ya bei ndogo fedha yake hurudi polepole. Miaka mitano haimtoshi. Mpe kumi, halafu weka sharti kwamba asipoitoa ndani ya miezi 18 haki zinarudi.