Nilikosea saa nikimfasiria mgonjwa: je, nirudi kusahihisha?

MkalimaniMgeni:
Habari zenu ndugu. Ninaishi Marekani na huu ni mwezi wa tano nikifanya ukalimani wa hospitali kwa simu, hasa kwa wakimbizi wa Kongo. Majuma mawili yaliyopita muuguzi alimweleza mama mmoja, aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kwamba afike kwa upasuaji saa kumi na mbili alfajiri, nami, kwa kuwa nilisikia sita ya Kiingereza, nikamwambia "saa sita". Alifika adhuhuri, akiwa hajatia kitu kinywani tangu usiku, na upasuaji ukaahirishwa. Juzi simu yao iliniangukia tena: muuguzi akamlaumu kwa kuchelewa, nikaifasiri ile lawama neno kwa neno, nikanyamaza. Nimwambie nani, bila kuvunja siri ya mgonjwa?

BiMwanaidi:
Pole ndugu yangu, lakini liseme leo. Huenda faili la mama huyo sasa linasema hafuati maelekezo, na kila daktari atakayelifungua atamwona hivyo. Mweleze msimamizi wako, naye aifahamishe hospitali. Siri haivunjiki kwa kuwaarifu wanaomtibu. Viwango vya utendaji vilivyotolewa mwaka 2005 na baraza la kitaifa la ukalimani wa afya la huko Marekani vinataka mkalimani asahihishe makosa yake. Ukiligundua kosa mazungumzo yakiendelea, sema "mkalimani anaomba kusahihisha", kwa sababu ukisema "mimi" watadhani ni mgonjwa anayesema.

Muuguzi_Nakuru:
Naongeza kwamba neno linaloonekana jepesi ndilo linaloponyoka. Wakenya wengi wakisema homa humaanisha mafua, ilhali Mtanzania humaanisha joto la mwili. Na anayechanganya kufunga kizazi na kutoa kizazi amemfanya mwanamke atie saini jambo asilolijua. Mwaka 1980 huko Florida, kijana Willie Ramirez, mwenye umri wa miaka 18, alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake walitumia neno la Kihispania "intoxicado", ambalo kwao Wakuba ni mtu aliyedhuriwa na alichokula au kunywa, na madaktari wakaelewa kwamba amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ubongoni, na alipooza mikono na miguu. Hakukuwa na mkalimani mwenye ujuzi, na hakuna aliyeomba mmoja, kwa kuwa kila upande uliamini umeelewana na mwenzake. Kwa hiyo usione haya kuuliza, na kila saa unayoitaja iambatanishe na jua, kwa mfano "kabla halijachomoza", kisha umwombe muuguzi amtake mgonjwa airudie kwa maneno yake.

MkalimaniMgeni:
Ahsanteni sana. Nimempigia msimamizi asubuhi hii, naye anaiandikia hospitali ili maelezo ya kuchelewa yasahihishwe. Nimeomba pia kwamba, mama akiridhia, niunganishwe naye mbele ya muuguzi yule yule, nimwambie kwa kinywa changu kwamba hakuchelewa.