Naomba ushauri: nataka kukarabati besimenti iwe chumba cha kulala, nianzie wapi?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Nyumba yetu ina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ambayo wenyewe waliotangulia waliifanya stoo. Tunataka iwe chumba cha kulala cha kijana wetu, na kona ya kusomea. Kuta ni zege tupu. Upande mmoja, chini karibu na sakafu, kuna unga mweupe unaorudi kila nikiufuta, na mvua zikiwa nyingi pananuka uvundo. Maji yenyewe sijawahi kuyaona. Fundi aliyekuja kutazama anasema nipake rangi ya kuzuia maji kwa ndani, kisha jipsamu na vigae, basi, kazi imekwisha. Mke wangu anasita, na mimi roho haijatulia. Kuna pia ufa ukutani, na boriti za dari naweza kuzigusa kwa mkono. Mnaozijua kazi hizi, nipangeje?

Mwashi Mkongwe
Mkuu, msikilize mkeo. Huo unga ni chumvi. Maji yanapenya kwenye zege, yanabeba chumvi iliyomo, yakifika upande wa ndani yanakauka na kuiacha hapo ukutani. Kwa hiyo maji unayo, ila yanakauka kabla hujayaona. Ukipaka rangi kwa ndani, yataendelea kusukuma kutoka nyuma yake mpaka ivimbe na kubanduka. Ukiweka jipsamu juu yake, uvundo utageuka kuwa kuvu mahali usipopaona, na kijana wako ndiye atakayeivuta usiku kucha.

Anzia nje. Siku ya mvua kubwa zunguka nyumba uone maji ya paani yanaangukia wapi. Mara nyingi gata limejaa majani, au bomba lake linamwaga palepale kwenye msingi. Refusha bomba hilo lipeleke maji mbali, angalau mita 2. Kisha tazama ardhi: inatakiwa iteremke kutoka ukutani, kama sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Kazi hii ni ya jembe na toroli, na ndiyo inayokausha besimenti nyingi kuliko dawa yoyote ya kopo. Isipotosha ndipo unachimba kando ya msingi, unapaka lami au utando wa kuzuia maji kwa nje, na chini unalaza bomba lenye matundu lililozungushiwa kokoto.

Kabla ya hapo fanya jaribio dogo. Kata kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, kingine sakafuni. Viache siku nzima, usiku na mchana. Umande ukiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka kwenye zege. Ukiwa mbele, ni hewa ya chumbani, na hiyo dawa yake ni kupitisha hewa.

Mchora Ramani
Naongezea kuhusu ufa. Ufa mwembamba wa wima mara nyingi ni zege lililosinyaa lilipokauka. Ufa wa kulala, hasa katikati ya ukuta, au ukuta uliotokeza tumbo, ni udongo unaousukuma. Huo usiupige lipu, mwite mhandisi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, uone kama unatembea.

Na mtu akikwambia uchimbe sakafu ili upate kimo, kataa mpaka mhandisi aone. Ukichimba chini ya kitako cha msingi umeiondolea nyumba mguu. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi, kimoja kikishakomaa ndipo kinachofuata, kamwe si ukuta mzima kwa mara moja.

Mama wa Watoto Watatu
Ndugu yangu, hujataja dirisha! Moto ukizuka kwenye ngazi, huyo kijana atapitia wapi? Chumba cha kulala cha chini kinahitaji dirisha ambalo mtu mzima anapita, ambalo aliye ndani analifungua bila ufunguo. Nchi nyingi zina vipimo vyake kisheria, ulizia kabla ya kuomba kibali. Pima pia gesi ya radoni. Haina rangi wala harufu, inatoka ardhini, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu kati ya visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Pendekezo lao ni isizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita moja ya ujazo. Bomba la kuitoa nje ni rahisi kuliweka sasa kabla sakafu haijafunikwa.

Mleta mada
Asanteni sana. Nailoni ya ukutani imetoa matone nyuma, ya sakafuni kavu. Na bomba la gata linamwaga kwenye kona ileile yenye unga! Ufa ni wa wima, nimeutia alama. Fundi nimemwambia asubiri. Swali: wakati nangoja, choo naweza kuanza?

Mwashi Mkongwe
Umefanya vizuri. Rekebisha gata na ardhi, halafu acha kuta wazi msimu mzima wa mvua upite ndipo ufunike. Choo subirisha mpaka fundi bomba apime kina cha bomba kuu la majitaka. Kama liko juu ya sakafu yako, utahitaji pampu ya kupandisha. Hata likiwa chini, weka valvu ya kuzuia majitaka yasirudi, maana bomba la mtaa likijaa, yataibukia kwenye tundu la chini kabisa, yaani kwako. Valvu hiyo ikae pahali pa kufunguka kwa urahisi, isizikwe chini ya vigae, kwa sababu lazima isafishwe mara kwa mara.